Mtoro wa Dawati la Mbele

Tunduma, 2 Septemba 2024

Shikamoo Shangazi Ruti,

Habari za Itumba? Mguu unaendeleaje? Sisi huku ni vumbi na malori, ila wazima.

Kuna jambo linaninyima amani. Mwalimu mkuu ameniagiza nichape orodha ya mwisho ya watahiniwa wa Darasa la Nne, nimwondoe Yunisi, mtoto asiyesikia vizuri. Daftari la mahudhurio linasema amekosa siku sitini na tatu. Lakini mimi humwona kila asubuhi, dawati la mbele! Darasa lina watoto mia moja na kumi. Mwalimu huita majina akiwa ameinamia daftari, na asiyeitika anaandikwa hayupo. Nilipouliza, mkuu akasema, "Karani, umeajiriwa kuchapa au kufundisha? Huyo atatushushia wastani."

Mkataba wangu unaisha Desemba. Nichape?

Mwanao,
Gloria

Itumba, 9 Septemba 2024

Marahaba mwanangu,

Mguu unauma, lakini barua yako imeniuma zaidi. Miaka thelathini nimeshika chaki, sijaona aibu kama hii! Mtoto hasikii, wanamwita bila hata kumtazama, kisha yeye ndiye mtoro?

Usichape. Andika majina kwenye makaratasi, uyainue moja moja mbele ya darasa, uone nani atasimama.

Shangazi yako,
Ruti

Tunduma, 24 Oktoba 2024

Shikamoo Shangazi,

Pole na mguu, na unisamehe kwa ukimya. Niliona aibu kukuandikia. Orodha niliichapa bila Yunisi, barua yako ikiwa mkobani.

Wiki iliyofuata mkuu alikwenda kikaoni Vwawa. Nikaingia darasani na makaratasi. Nilipoinua la Yunisi, alisimama kabla sijalinyoosha vizuri. Wenzake wakacheka: "Karani, huyo anasoma kutuzidi!" Nikachapa orodha upya, nikaipeleka mimi mwenyewe kwa afisa elimu kata.

Jana na leo Yunisi amefanya mtihani. Mkuu hanisalimii, ameshasema Desemba nitafute kwingine. Naogopa, Shangazi.

Mchana mama yake Yunisi, anayeuza vitunguu sokoni kule Mpemba, alikuja ofisini kushukuru. Nikamweleza yote, mkuu akiwepo. Shukrani zikamkauka mdomoni. Akauliza, "Siku zote hizo sitini na tatu, hiyo sare nilikuwa namfulia aende wapi?"

Mkuu akatazama dirishani. Na mimi pia.

Mwanao,
Gloria