Ng'ombe Aliyewahiwa kwa Kisu

Poli, Meru
9 Machi 2024

Mwanangu mpendwa Anande,

Salamu nyingi ziteremke kutoka huku mlimani mpaka Sombetini. Bibi yako hajambo, meno yamemwisha lakini maneno bado. Kaka yako Abdiel hajambo, yuko kwenye kahawa. Baba mdogo Fanuel hajambo, na mke wake pia anakusalimu. Hata yule kuku wako mwekundu yupo, anaatamia. Mimi sijambo isipokuwa huu mguu ulioteguka mgombani, bado siwezi kuteremka hata barabarani, na simu yangu tangu itumbukie kwenye ndoo haijasema neno. Ndiyo maana naandika. Sijui wewe. Unakula? Kifua kimepona?

Ile ngozi uliyoiomba ujifunzie kushona mkoba imepatikana. Ng'ombe wa baba mdogo, yule mwenye baka jeupe, ameanguka ghafla alfajiri, na jana jioni alikula vizuri tu. Fanuel akamuwahi kwa kisu kabla hajakata roho. Nikamuuliza, kweli umemuwahi? Akasema, "Shemeji, tumemuwahi." Nikashukuru, maana mimi na mizoga unanijua. Ngozi ameichuna mwenyewe, hataki kitu. Nampa Elieshi, anapeleka ndizi sokoni Kwa Mrombo, atakufikishia.

Ushone polepole. Usijichome vidole.

Mama yako


Sombetini
16 Machi 2024

Shikamoo mama. Bibi mpe shikamoo yake, na baba mdogo umwambie asante sana. Abdiel hajambo? Mguu unaendeleaje? Mimi mzima, kifua kimepona.

Ngozi ilifika. Niliiloweka, nikakwangua mafuta kwa kisu cha jikoni mpaka mabega yakauma, nikaiwamba juani. Wapangaji wenzangu wamelalamikia harufu mpaka wamechoka. Manyoya nimeyaacha, na lile baka jeupe litakaa mbele kwenye kifuniko. Mshono wa kwanza ulikwenda upogo. Derick, fundi viatu wa hapa nje, akaniuliza, "Dada, unashona mkoba au unafunga mbuzi?" Alipomaliza kunicheka akanionyesha: toboa kwanza kwa msumari, halafu pitisha sindano mbili kwenye tundu moja, moja huku, moja kule, vuta sawasawa. Ngozi ni ngumu, uzi nauvuta kwa meno.

Na kidole gumba nimejichoma, ulitabiri. Pametoka kipele, sasa katikati pamekuwa peusi kama punje ya kahawa iliyoungua. Usiogope, hakiumi hata kidogo. Kingeuma ningekwenda zahanati.

Mkoba ni wako, mama. Utabebea Biblia siku ya Pasaka.

Mwanao Anande


Poli, Meru
18 Machi 2024

Mwanangu Anande,

Barua imefika, nimemsomea na bibi. Hiyo ya mbuzi amecheka mpaka amekohoa. Hatujambo wote, isipokuwa baba mdogo Fanuel, mkono umemvimba mpaka kwapani na ana homa. Wanasema ni buibui. Kidonda chenyewe ni kidogo tu, cheusi, naye anasema hakimuumi. Nikasema mwaka huu vidonda gani hivi.

Nakutumia majani ya mshubiri kwa Elieshi, upake. Kisichouma si cha kutisha, ndivyo tulivyolelewa. Ila huo uzi usiuvute tena kwa meno. Sijui kwa nini, imenikaa vibaya.

Mama yako


Poli, Meru
22 Machi 2024

Anande mwanangu,

Leo sisalimii kwa kituo. Bibi yupo, Abdiel yupo, mimi nipo. Fanuel yuko hospitali, haongei. Wewe je? Nijibu hilo kwanza.

Elieshi alirudi jana na mkoba, bila barua. Anasema amepewa na jirani yako wa chumba cha pili, akaambiwa umelala, kichwa kinakuuma. Na mimi nikaufurahia mkoba. Nikaupapasa mshono wote. Upande wa kwanza umeyumba, wa pili umenyooka, kifuniko hata cha dukani hakifikii. Halafu upande wa mwisho mishono imelegea tena, kama mkono umesahau ulichojifunza. Nikasema alichoka tu. Nikalala nao kichwani.

Asubuhi hii mbuzi wa Fanuel wamekutwa wamekufa palepale ng'ombe alipochuniwa, damu puani, haigandi. Bwana mifugo amekuja, hakuwagusa. Akauliza, "Yule ng'ombe mlimuwahi, au alikuwa ameshakufa?" Ndipo Abdiel akasema, maana alikuwepo. Macho ya ng'ombe yalikuwa wazi, nzi wametua juu yake wala hayapepesi, na Fanuel akapitisha kisu shingoni hivyohivyo ili isisemwe amekula mzoga. "Nilidhani ni maneno tu, mama. Si kila mtu husema amemuwahi?" Ni kweli. Kila mtu husema.

Ugonjwa unaitwa kimeta. Unakaa kwenye ngozi na kwenye manyoya, hata yakikauka. Kidonda chake ni cheusi na hakiumi, hiyo ndiyo alama yake. Yale niliyokuambia ya kisichouma, yatupe. Bwana mifugo amekupigia kwa simu yake tena na tena, inaita tu.

Abdiel ameita pikipiki, anateremka sasa hivi na barua hii. Amka uende naye hospitali, hata kama unajisikia nafuu. Hilo jina la ugonjwa nimeliandika kwa herufi kubwa nyuma ya karatasi. Ukishindwa kusema, mwonyeshe daktari. Dawa ipo, bwana mifugo ameniapia dawa ipo, ila iwahi.

Ameniagiza niuchome mkoba. Moto umeshawaka, mkoba uko kando yake ndani ya gunia. Mwenye pikipiki nimemwambia asigeuze bila neno lako. Hata neno moja, kwa mkono wako, hata liyumbe kama ule mshono wa kwanza. Liandike upesi, mwanangu. Niwahi.

Mama yako