Sehemu ya Mwisho ya Mezasauti

Kitale,
Jumanne

Kwako Gathogo,

Salamu nyingi, na natumai barua hii inakupata ukiwa mzima, maana nikianza kukugombeza nataka uwe na nguvu za kusikia. Sisi huku hatujambo. Mama magoti yanamsumbua na baridi hii, mahindi yametoa ndevu, na yule ng'ombe mweusi amezaa, ndama dume. Naandika kwa sababu kwa simu umenikatia mara tatu. Barua nitampa Job, yule wa mayai, akufikishie mpaka mlangoni kwa hiyo stesheni yenu ya redio hapo Kanduyi, Bungoma, na nimemwambia asiondoke kabla hujaifungua.

Nianze na Mezasauti. Ni nani alikupa ruhusa? Lile zimwi ni la Baba. Yeye ndiye alilitunga, akalishusha kutoka nyota gani sijui mpaka juu ya Mlima Elgon, likawa linameza watu halafu linaita jamaa zao kwa sauti za waliomezwa. Kila Jumapili ile nusu saa yake ya redio ikifika, mtaa wetu wote ulikuwa unanyamaza. Mimi shuleni niliitwa mtoto wa zimwi, hakuna aliyetaka kukaa na mimi dawati moja. Hayo wewe hukuyaona, ulikuwa mkubwa tayari. Leo, miaka ishirini na saba tangu tumzike, nasikia kwa redio kama mtu baki, ati Mezasauti amerudi na mtayarishaji ni Gathogo Mbogo. Hata kumpigia Mama simu ulishindwa?

Na mmemrudisha vibaya. Baba alikuwa anaingiza mdomo kwenye mtungi wa maziwa, amejifunika gunia lililoloweshwa maji, na akianza kuunguruma vikombe vinatetemeka kabatini. Huyo kijana wenu Wabwile anaongea tu kawaida halafu kompyuta inamkoroga. Mama alisikiliza Jumapili ya kwanza akauliza kama huyo mtu amekabwa na mahindi ya githeri. Nilicheka mpaka machozi yakatoka, kisha nikabaki na hasira tu.

Hata hivyo ningenyamaza. Kilichonichokoza ni hili tangazo lenu, kwamba Jumapili hii mtarusha sehemu ya mwisho, ile Baba aliyorekodi karibu na kufa kwake na haijawahi kusikika, Mezasauti anakufa, na kwa sauti ya Baba mwenyewe. Umetangaza asubuhi na jioni, na kaseti huna! Yaani ulitangaza kwanza ndio ukaanza kuitafuta. Sasa Mama amenunua betri mpya. Amealika kikundi chake chote cha kanisa waje wanywe chai na wamsikilize mume wake, na Rosaline, rafiki yake wa zamani, atatoka Kimilili. Jana alinituma kwa fundi nimchukulie rinda lake la buluu. Gathogo, mama wa miaka themanini na moja anavalia redio. Jumapili ikifika, hiyo sauti isipotoka, utamwambia nini?

Wewe unasema nimeificha kwa wivu. Ulipayuka kwa simu kwamba mimi ndiye nilibaki nyumbani na vitu vya Baba, na kwamba nimeikalia kazi yake kama kuku. Wivu wa nini, we Gathogo? Ni nani alimwosha miezi minne ya kuugua kwake? Wewe ulikuwa hapo hapo Bungoma, safari ya saa mbili, na hata kumzika hukuja. Kisa? Ati alikunyima nafasi kwenye mchezo wake, akasema mbele ya wageni kwamba una sauti ya mbuzi. Kwa hilo tu ukamwacha ashuke kaburini bila kifungua mimba wake kumtupia udongo. Watu walipouliza, Mama alidanganya kwamba una malaria. Mama yetu, aliyetuchapa sisi kwa uongo wa sukari iliyoibwa!

Halafu ukamalizia kwa kujigamba, kwamba hata ile kaseti ya mazishi tuliyokutumia hujawahi kuisikiliza, bado iko ndani ya bahasha yake. Ukadhani umenishinda. Ukakata simu.

Sina namna nzuri ya kulisema hili. Hiyo ndiyo kaseti unayoitafuta.

Siku ya mazishi Mama aliniambia nirekodi kila kitu, nyimbo, hotuba na sala, uletewe, kama tulivyokuwa tukiwafanyia watu wetu walio mbali. Kaseti tupu haikuwepo, na maduka yalifungwa kwa sababu wenye maduka walikuwa kwetu. Nikafungua droo ya Baba. Nilikuwa na miaka kumi na minne na kusoma nilijua. Alikuwa ameandika kwa mkono wake, Mezasauti, Mwisho, na alikuwa ameshavunja vile vijino viwili vya juu ili mtu yeyote asirekodi tena. Nikatafuna karatasi, nikaziba matundu. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba nilikosea. Nilikuwa nalichukia lile zimwi, na wewe nilikuchukia zaidi, nikaona afadhali upate mazishi.

Jioni, kabla ya kuifunga kwenye bahasha, niliijaribu kuona kama imeshika. Mazishi yalijaza upande wa kwanza na kidogo cha wa pili. Mchungaji alipomaliza sala ikalia tak, na kwenye kipande ambacho hakikufutwa Baba akaanza kuongea. Mezasauti anakufa, anatapika sauti zote alizomeza, moja baada ya nyingine, na kila sauti inachukuliwa na mtu wa kwao. Ya mwisho ni ya kijana anayemwita mama yake aje amfungulie geti. Ni wewe, Gathogo. Alikurekodi bila wewe kujua, akakuweka hapo mwisho wa kazi yake yote. Halafu Baba, bila mtungi, kwa sauti yake ya kila siku, anasema kwamba huyo ni wake, afunguliwe.

Nimelijua hilo miaka yote hii. Ningeweza kukuambia siku yoyote, na sikutaka. Nilitaka ulifikie mwenyewe ukiwa umeketi unamsikiliza Baba akizikwa, na ukikataa kuketi, basi ukose. Huo ndio ubaya wangu, na sijui kama naujutia.

Una siku tano. Usijaribu kuikimbiza mbele kutafuta kipande chako, mkanda wa umri huo utakatika. Anza na wimbo wa kwanza, usikie jinsi Mama alivyolia, usikie jina lako likiitwa kaburini na hakuna mtu anayeitika. Ukifika kwa Baba, mpe Mama Jumapili yake.

Mama anakusalimu, ingawa hajui kwamba nimeandika. Nisalimie mkeo na watoto, hao hawana kosa. Job ameanza kupiga honi, wacha nimpe.

Ni mimi dada yako, na bado nimekukasirikia,

Waithera