Nilimfunga Mume Wangu Mkono Asivue Barakoa

Mpendwa mshauri, naomba msaada, nakuandikia nikiwa kwenye benchi nje ya wodi kwa sababu nimefanya jambo ambalo hata mama yangu sijaweza kumwambia.

Mume wangu Donatus alichimba dhahabu Mwakitolyo kwa miaka mingi na vumbi la mawe limemharibu mapafu, sasa ni wiki ya pili amelazwa, amewekewa mashine inayosukuma hewa kupitia barakoa ya kufungwa kwa mikanda kichwani, na kila akivalishwa anatoa macho, anahema haraka haraka, anaivua, nami namfokea, “Baba Luka, tulia, unataka kuniachia watoto?” naye anazidi kuhangaika, na mimi naelewa kidogo kwa nini, maana miaka tisa iliyopita duara, yaani shimo la dhahabu alilokuwa anachimba na wenzake, liliporomoka akafukiwa hadi shingoni nusu siku nzima.

Jumanne mchana nilichoka, Sista Rhoda, muuguzi wa wodi, alikuwa kwa mgonjwa mwingine, nikachukua kanga nikamfunga mkono kwenye chuma cha kitanda, akatapatapa mpaka machozi yakamtoka, na Sista aliporudi akaifungua bila kunisema. Alipovuliwa barakoa anywe uji aliniambia, “Mama Luka, umenifunga kama ng’ombe wa mnadani,” na tangu hapo hanitazami, anakubali kulishwa na mdogo wake Eliya tu. Ndugu wanasema nilifanya vizuri lakini roho yangu inakataa. Nifanye nini atulie, tena anisamehe?

Asteria, Ngokolo, Shinyanga

MSHAURI ANAJIBU

Pole, Asteria. Kuuguza kunachosha, na najua ulimfunga kwa kuogopa asife. Hata hivyo ulikosea, na hao ndugu wasikudanganye. Mtu aliyewahi kufukiwa, ukamfunika uso kisha ukamfunga mkono, umemrudisha shimoni. Na “tulia” ya kufokewa haijawahi kumtuliza mtu anayehisi hewa inamwishia.

Anza kwa kuomba radhi. Mwambie, “Nilikukosea, sitakufunga tena,” halafu nyamaza. Usijitetee. Asipojibu, baki hapo hapo.

Leo hii mweleze Sista Rhoda habari ya duara, huenda hajui. Muombe aangalie kama barakoa inambana au inavujisha hewa machoni, na kama Donatus anaweza kuishika mwenyewe usoni kwanza, mikanda ifuate akishazoea. Akivaa, kaa macho yenu yawe usawa mmoja. Muulize kama umshike mkono. Pumua naye taratibu, umwache alegeze mabega na kutoa hewa bila haraka. Usimlazimishe kufuata mwendo wako. Mkubaliane kwamba akikubonyeza kiganja mara mbili, unamwita muuguzi. Zungumza naye Kisukuma cha nyumbani, habari za mvua na shamba, na akichoka kusikiliza, acha.

Lakini ukiona midomo inabadilika rangi, au anachanganyikiwa, au anasinzia isivyo kawaida, hapo si suala la kutulizwa. Mwite muuguzi mara moja.

Msamaha usiudai. Utamjia kwa wakati wake, na wewe utaendelea kumuuguza hata kabla haujaja.

Na siku akisema hataki tena mashine, usimkatalie wala usimjibu kwa niaba ya daktari. Mwite daktari, kaa kando ya kitanda, mmsikilize mpaka amalize. Mapafu ni yake.