Baba Bado Yuko Juu ya Mnazi

Uingereza, wakati wa baridi

Mama yangu,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta barazani, mguu haukusumbui, na Mwanasha yuko karibu na miwani yake akusomee. Mwanasha, dada yangu, nakujua: usiruke neno hata moja, na ukifika pa kulia, lia kidogo kisha uendelee.

Mimi ni mzima sasa. Nasema sasa kwa sababu sikuwa mzima, nami nilikuficha. Tangu nilipopata habari ya kifo cha baba, usingizi ulinihama. Sikulia. Nilikuwa nikisimama wodini na sindano mkononi, nimesahau ni ya nani. Mkuu wa chuo akaniambia nikiendelea hivyo atanirudisha nyumbani bila cheti cha uuguzi. Na kijiji chetu kizima cha Mwabungo kinakingoja cheti hicho! Tangu bendera yetu ya uhuru ipandishwe, kila anayeniandikia ananiita daktari.

Hospitali hii ina dawa mpya wanayowapa watu ambao huzuni imewaganda moyoni. Ni matone machache kwenye maji, nayo humfanya mtu aote hali yuko macho. Daktari akanishauri niijaribu, ila hakunipa siku ile. Kwanza nilikabidhiwa kwa muuguzi mmoja mtu mzima, Sista Doris, awe mlezi wangu. Alasiri baada ya alasiri tulizungumza tu: habari zako, habari za baba, habari za minazi. Akaniambia, "Salimu, utakachokutana nacho usikikimbie. Kiulize kinataka nini."

Mama, nilicheka nusura nianguke kitini. Si maneno yako hayo? Mara ngapi nimekusikia kwenye ngoma ya pepo, umemshika mgonjwa mabega, unamwuliza pepo taratibu, "Haya, mgeni wetu, sema, wataka nini?" Huku ngoma hakuna, wala ubani. Kuna santuri ya vinanda na blanketi.

Nikanywa. Ukuta ukaanza kupumua polepole, kama mtoto aliyelala. Vinanda vikaingia rangi. Kisha nikawa uani kwetu, mchanga una joto nyayoni, na mnazi wa baba umerefuka hata kilele kimepotea mawinguni. Kule juu nikaona nyayo zake. Akaita kama alivyokuwa akiita siku zote, "Nani chini?" Unamjua baba, hakuangusha hata dafu mpaka aliye chini aitikie. Nikafungua kinywa, sauti haikutoka. Akaita tena. Nilitaka kukimbia, mama. Nikakumbuka la kuuliza, nikaliuliza kwa moyo: baba, wataka nini? Akasema, "Nataka kushuka, mwanangu. Lakini nani yuko chini?"

Nikazinduka sijamjibu.

Nilidhani mambo yamekwisha, nirudi kazini. Sista Doris akakataa. Alifanya kama ufanyavyo wewe ngoma ikimalizika: humwachi mgonjwa arudi kwao peke yake, unamweka ndani, unampa uji, unamwuliza aliyoyaona hadi yakae mahali pake. Chai yake haina tangawizi, lakini alikaa nami. Kila siku alinirudisha kwa maswali chini ya mnazi ule. Jana tulikuwa tukitembea bustanini, miti yao haina hata jani, akaniuliza, "Ungemjibu kwa lugha gani?" Nikasimama. Nikapaza sauti kwa Kidigo, mbele ya wagonjwa na mtunza bustani, nikamwambia niko chini, baba, angusha, kisha ushuke. Ndipo nikalia. Nililia hata Sista Doris akaishiwa leso, kisha nikalala hadi leo asubuhi.

Sasa ombi langu. Mwanasha aliniandikia kwamba tangu baba afariki humruhusu mtu yeyote kuupanda mnazi wake. Nazi zinakauka na kujiangukia, moja imetoboa paa la jiko. Nakuelewa, mama, wallahi nakuelewa. Lakini mwite mkwezi. Simama mwenyewe chini, kando kidogo, na akiita usimwachie mwingine aitikie. Mimi nimeshamjibu baba. Amebaki kukusikia wewe.

Nisalimie shangazi yetu msuka makuti, mjomba wa Kombani auzaye mihogo, na mwalimu wa madrasa aliyemsomea baba talakini kaburini. Mwanasha, funga sasa barua, umshike mama mkono.

Ni mimi mwanao, niliye chini,

Salimu