Daftari la Pumzi

Wodi ya upasuaji,
Jumanne asubuhi.

Binti yangu mpendwa,

Nakusalimu na kukuombea afya huko kazini kwako. Sisi hapa tu wazima. Mama yako jana alilala usingizi wa kweli, nami sina ugonjwa ila kiuno kilichochoshwa na benchi la hospitali.

Kama nilivyokwambia kwa simu, Wakili wetu, huyu mwanao mbishi, ametoka upasuaji salama. Uti wa mgongo uliopinda umenyooshwa na kushikizwa kwa vyuma, na jana alisimama kando ya kitanda. Amerefuka, naye ameshaanza kudai sare mpya ya shule. Daktari anasema pumzi itapungua siku hizi za mwanzo kwa sababu ya maumivu, kisha itarejea taratibu.

Lililobaki halikusemeka kwenye simu. Unakikumbuka kile kifaa cha plastiki chenye mipira midogo mitatu, alichopewa kabla ya upasuaji? Kila asubuhi alitakiwa kuvuta pumzi, nami niandike mipira mingapi imepanda. Tulikuwa tumeambiwa kwamba mapafu yakionekana dhaifu, upasuaji utaahirishwa. Mwanangu, mipira ilipanda yote mitatu, nami niliandika mmoja. Kwa siku kumi na tisa niliandika mmoja. Niliogopa kisu, mimi, niliyesahihisha madaftari miaka thelathini na minne bila kumpunja mtu alama.

Bahati nzuri, daktari alimpima upya kwa mashine yao, akakuta mapafu yanatosha. Akauliza nani amejaza daftari. Kabla sijafumbua kinywa, Wakili akadakia kwamba mipira ile hukwama. Tulipotoka nje aliniambia kwamba alikuwa akiniona tangu siku ya pili. Akasema ningemuuliza anaogopa nini, angenijibu kwamba anaogopa kubaki alivyo.

Daktari nimekwisha kumweleza ukweli. Umebaki wewe, mama yake. Nisamehe.

Sasa daftari analishika mwenyewe. Leo ameandika mmoja na nusu. Nilimwambia nusu haiandikwi, akanijibu kwamba babu amefukuzwa kazi hiyo. Nikainama nikatazama. Ni kweli, mpira wa pili ulifika katikati.

Mama yako anakusalimu sana. Nawe nifikishie salamu kwa wenzako.

Ni mimi,
Baba yako.