Nyekundu Inanibana Tumbo, ya Buluu Inaniachilia Mapaja

Maman Abigaïl, mushauri wetu mupenzi wa ku redio, nishike mukono mbele furaha haijanipasua, juu niko na siri mbili kwa wakati moja, moja iko mu tumbo na ingine iko mu muto, na bwana yangu hajue hata moja. Majina yote nimebadilisha, donc mi uniite Gracieuse, na bwana yangu tumuite Josaphat, fundi wa viti vya fauteuils na matelas za kulalia, mutu wa sala, mupole, anafanyaka kazi mu atelier yake kule Beni na anarudiaka kwetu Mutwanga mwisho wa juma. Ni bwana muzuri, Maman, usifikiri ni yeye ndiye mubaya mu hii barua.

Ilianza wakati batu ba bunduki balichoma daraja letu la mbao. Centre de santé ilibakia huku kwetu, na vijiji vya ng'ambo vikabakia bila dawa, na pahali pa kuvukia maji ni meupe, yanateremuka kutoka mulima na kelele na mawe, mutumbwi wa muti ulijaribu mara moja tu ukapasuka vipande. Njo baba mudogo Kitsa, mulinzi wa parc, akakumbuka kayaki mbili, mitumbwi midogo ya plastiki ya mutu moja moja, zenye bazungu ba michezo ya maji baliachaka mu dépôt yao wakati balikimbia vita ya kwanza. Yeye alikuwaka analinda bale bazungu, na balimufundisha kuzitumia. Akazitoa, akazipangusa vumbi, moja nyekundu, moja ya buluu, akaziweka ku majani mbele ya batu wote.

Maman, kwa nje zinafanana sawa mapacha. Mais ndani! Ya buluu ndani ni kama sahani tupu: kiti ya plastiki ngumu, nyuma hakuna kitu ya kushika mugongo, na kule mbele kuna vipande mbili tu vya kukanyagia, kimoja kinateleza ku reli yake kila mara unakisukuma. Ya nyekundu, mutu alikaa akafikiri mbele ya kuitengeneza! Kiti inasogea mbele na nyuma. Kuna mukanda mupana wa mugongo wenye unakazwa na kamba pembeni. Kuna mousse, ile sifongo ya matelas, ku viuno, huku na huku. Juu ya mapaja kuna kama mabawa mbili yenye kupinda, yanakukamata mapaja kutoka juu. Na kule mbele, pahali pa vile vipande, kuna bonge moja la mousse, nyayo zote mbili zinakanyaga pale kabisa.

Shemeji yangu Phinées, mudogo wa bwana yangu, kijana wa nguvu, aliingia mu nyekundu akawa anayumba ndani sawa muguu mudogo mu kiatu kikubwa. Balinzi ba parc wakaingia, hivyo hivyo. Baba mudogo Kitsa akapapasa zile mousse, akacheka.

"Hii ilikatwa kwa mwanamuke," akasema. "Ilikuwa ya madame wao. Gracieuse, ingia."

"Mi?"

"Wewe. Viuno uko navyo."

Batu bakacheka, na mi nikafunga kitambaa vizuri nikaingia, kusudi tu bacheke zaidi. Maman, iliniingia! Ilinishika viuno, mapaja, mugongo, nyayo, na wakati balinisukuma mu maji matulivu nikatingisha kiuno kidogo, kayaki ikatingishika, nikainua goti la kuume, upande wa kuume ukainuka, hata sikuwa nimegusa maji na kasia! Nikaanza kupiga kelele sawa mutoto, juu haikuwa tena kama nimekaa mu kitu, ilikuwa kama nimeota mukia wa samaki.

Kuanzia pale nilimuambia Josaphat kila mara kama nilikuwa napalilia mihogo. Baba mudogo Kitsa akanifundisha kupinduka na kuinuka: unapinduka, kichwa chini, maji inaingia mu pua, hapana kuogopa, unaleta kasia juu ya maji, unapiga kiuno, hop! uko juu na jua iko mu macho. Kwa ya buluu nilijaribu pia, mapaja ikafunguka mara moja, nikajikuta nje naogelea. Phinées anapenda ya buluu juu ya ile ile sababu. "Yangu inaniacha nitoke mbio," anasema. "Yako itakushikilia mupaka ufe." Na baba mudogo anamujibu: "Yako itakutoa hata wakati hautaki kutoka." Wanabishana hivyo kila siku.

Kiisha ikakuja siku ya Léa. Léa ni mama wa ng'ambo, alizaa na damu ikakataa kusimama. Infirmier Salomon wa ku centre akafunga ampoules za dawa mu plastiki, akagawa mu boîte mbili, moja kwa Phinées, moja kwa mi, juu kama moja inapotea ingine ifike. Akanitazama. "Gracieuse, hauko wa lazima," akasema. Nikamuambia afunge sketi ya kaucho vizuri, ile inafunika kayaki maji isiingie.

Kule katikati wimbi moja lilituchukua wote wawili. Nilimuona Phinées miguu yake inateleza ku vile vipande, kayaki yake ikaenda upande wake na yeye upande wake, boîte ikapotea, yeye akakamata jiwe akafika na magoti yamechunika. Mi nilipinduka. Maji baridi, Maman, baridi ya theluji! Jiwe likapiga kaske, ile kofia ngumu ya kichwa changu, tong! Nikasikia mapaja bado yameshikwa, viuno vimeshikwa, nikajiambia tu, kiuno, Gracieuse, kiuno, na nikainuka, na nikalia kwa sauti, "Niko!" Bamama ba ng'ambo bakapiga vigelegele mupaka sikusikia tena maji. Léa akachomwa sindano. Akapona. Mutoto wake mwanamuke bamemuita jina langu.

Tangu siku ile nimevuka tena, na tena, na kila mara furaha ni ileile. Phinées ananiambia kila mara: "Shemeji, yaya Josaphat akisikia, mi ndiye nitalala inje." Nikamujibu, "Hatasikia."

Sasa, Maman, sikia ingine. Niko na mimba. Nimejua tangu mwezi uliopita, natapika asubui, matiti inaniuma, na ni mimba yenye tulikuwa tunaombea tangu tuoane, pasteur alituwekea mikono, mama mukwe alifunga kula. Nilipaswa kumukimbilia Josaphat ku mulango. Lakini nikimuambia ya tumbo, nitamuambia na ya muto, na ya muto itakufa pale pale. Donc nimenyamaza. Na kayaki nyekundu imeanza kunikataa: ule mukanda wa mugongo unanisukuma mbele, mbele ya sketi inanibana tumbo, nikilegeza mukanda natelezea kule ndani, mapaja inaachana na mabawa. Phinées anasema nitoe mousse za viuno, nitapumua. Baba mudogo anasema nikizitoa, siku nitapinduka nitabakia kichwa chini nikihangaika. Ya buluu, tumbo liko huru kabisa, lakini mapaja haina kitu ya kushika, na nimeona yenye ilimupata Phinées. Sijabaambia juu ya mimba, wao banafikiri nimenenepa.

Na wiki ijayo dawa ya surua ya kuchanja batoto inafika ku centre, na batoto ba ng'ambo banangoja, wawili tayari wako na madoadoa. Mutu mwingine hapana wa kuingia mu nyekundu. Nakuomba kabisa, Maman, uniambie: niingie mu gani? Ya kunibana ao ya kuniachilia?

Mi wako,
Gracieuse

*

Gracieuse, mutoto wangu,

Kayaki sijaiona na macho yangu. Lakini barua yako nimeisoma nikisimama, na pale umesema "Niko!" nilipiga meza na kikombe cha chai kikaanguka. Wasingya, asante kabisa kwa Léa na kwa mutoto wake. Hiyo nimesema ya kwanza kusudi usisahau wakati naanza kukugombeza.

Naanza. Unaniuliza uingie mu nyekundu ao mu ya buluu. Utatoka mu zote mbili, leo. Nimemuuliza muzalishaji wa hapa Butembo, mwanamuke mwenye kupokea batoto tangu mbele ya vita, nikamuelezea mukanda, mawe, baridi, kupinduka. Hakungoja nimalize. Alisema: "Huyo mama atoke mu maji na aende CPN, bamupime mimba." Unasikia? Jiwe lilipiga kaske. Tumbo halina kaske. Phinées na Kitsa wanabishana juu ya mousse kwa sababu haujabaambia kitu cha maana. Wanakupimia kiti na hawajue kama mumekaa wawili. Hiyo si kosa lao, ni lako.

Ya pili. Unasema umebadilisha majina. Mama, mu ile eneo yenu yote, banamuke benye kupinduka mu muto na kuinuka ni wangapi? Mukijaa mukono moja nitashangaa. Bwana yako anakaa mu atelier na redio juu ya meza anashona fauteuils, na unataka asikie kwa sauti yangu kama atakuwa baba? Haiwezekani. Kwa hiyo hii barua siisomi ku redio kwanza. Jibu nimelipa ule muchuuzi mwenye kuleta barua yako, akupe mu mukono. Na jina la muto lenye uliandika, nimelifuta na bic, juu batu ba bunduki nao banasikilizaka redio, na sitaki bajue pale munavukia.

Ya tatu, na hapa fungua masikio. Unalia kama hapana mutu mwingine wa kuingia mu nyekundu, juu mousse zilikatwa kwa viuno vya madame. Na umeolewa na nani? Na mutu mwenye kukata mousse! Kazi yake yote ni kufikiri mutu akae vizuri! Umemuficha kayaki mutu moja tu mu wilaya nzima mwenye anaweza kuitengeneza. Vraiment, nilitamani kukuvuta sikio.

Fanya hivi. Akifika mwisho wa juma, mupe chakula, mukae wawili. Muambie ya tumbo kwanza, umuache afurahi mupaka atosheke, usimuharibie. Kiisha muambie ya muto, yote, na Léa ndani, na uongo wa mihogo ndani, na uombe musamaha kwa uongo, si kwa kuvuka. Kuvuka hapana aibu. Wenye kusema mwanamuke hapaswe kukaa miguu wazi hivyo mu kayaki, wangoje kwanza dada yao avuje damu ng'ambo. Alafu mupeleke ku kayaki, na umuombe aipime kwa mutu mwingine, mwenye baba Kitsa atachagua. Wewe simama ku ukingo ufundishe. Mudomo hauna mimba.

Maman Abigaïl

*

Basikilizaji bangu, ile jibu mumesikia sasa nilimutumia zamani kidogo. Leo naisoma juu Gracieuse mwenyewe ameniruhusu, na ameniandikia yenye ilifuata.

Alimuambia Josaphat ya kwanza, na bwana akatoka inje akazunguka nyumba, akarudi, akapiga magoti. Alimuambia ya pili, na bwana akasukuma sahani ya chakula pembeni. Kiisha akasema: "Ulipinduka kichwa chini, na mi nilikuwa nashona kiti cha mutu mwingine." Akatoka akalala kwa Phinées, na Gracieuse akalia akafikiri ndoa imeisha. Asubui akamukuta ku ukingo, amekaa ndani ya kayaki nyekundu ku majani, mikono imeingia mupaka mabega, anapapasa. "Huyu mwenye alikata hii mousse," akasema, hata bila kumusalimia, "alijua kazi. Lakini gundi yake ni mbaya."

Waliita Rébecca, binti ya Kitsa, musichana mwembamba mwenye kuogelea sana. Josaphat akaongeza mousse ku viuno tabaka kwa tabaka, akasogeza kiti, akakata bonge jipya la nyayo juu miguu ya Rébecca ni mifupi. Kiisha akageukia ya buluu, akaishonea mukanda wa mugongo na ngozi ya fauteuil, akaiwekea mabawa ya mapaja ya muti mwepesi yenye kufunikwa na mousse. Phinées aliingia, akatingisha kiuno, akatazama kaka yake. "Yaya, kumbe hii njo ilikuwa inakosa?" Kwa siku nyingi walipinduka mu maji matulivu, Gracieuse anapiga kelele ku ukingo, Josaphat amemushika gauni kwa nyuma asiingie. Dawa ya surua ilichelewa kidogo, lakini ilivuka, yote, mu kayaki mbili, na ikafika kavu. Mutoto mumoja kati ya bale wenye madoadoa haikumukuta mu uzima. Wengine wamechanjwa.

Mwisho wa barua Gracieuse ananiuliza kiulizo kipya: akisha kuzaa, arudi mu maji baada ya muda gani, juu ndoto za wimbi anaota kila siku, na mama mukwe amesema mwenye kunyonyesha hapana kuingia mu mambo ya hivyo.

Gracieuse, mama mukwe umuheshimu, umupe kuku, na umuache aseme. Utarudi siku muzalishaji atasema mwili umepona, si mbele hata siku moja. Siku hiyo Josaphat apime viuno vyako upya na akate mousse upya. Usivuke peke yako, hata maji yakiwa machache, Rébecca awe mu ingine. Nyonyesha mutoto ashibe kwanza. Kisha mupe baba yake amushike, funga kaske, na uende.