Kadi ya Sauti ya Perisi

Jumatatu, 2 Machi 1998

Nimepalilia karanga mpaka saa nne. Nikarudi, nikakuta mashine bado bubu. Fundi Shabani ameshaifungua mfuniko. Amepachika kadi ya sauti, kipande cha kijani chenye miguu ya rangi ya dhahabu, kimetoka Dar kwenye kompyuta iliyokufa. Perisi, mjukuu wangu, amekaa pembeni, mikono mapajani, anasikiliza bisibisi.

Mashine aliiacha mwalimu mgeni alipoenda kwao. Ndani ina programu ya kusoma maandishi kwa sauti, lakini bila kadi haina koo. Perisi haoni tangu surua, akiwa na miaka mitatu. Nimemlea mimi. Sasa ana ishirini na mbili. Kupiga chapa alijifunza, vidole vinakwenda kama kuku waliotupiwa mtama. Ila hajui alipokosea mpaka mtu amsomee. Mtu huyo ni mimi.

Mama Temba, mkuu wa ofisi ya mizigo, anatafuta mpiga chapa. Atakuja hapa nyumbani Ijumaa ya tarehe 13 amjaribu. Barua mbili, orodha moja, na kusahihisha asahihishe mwenyewe. Alinitazama usoni akasema, "Na wewe Bibi utakuwa nje. Siajiri watu wawili kwa mshahara mmoja."

Sijampenda. Ana haki, lakini sijampenda.

Jumanne, 3 Machi

Nimemfukuza fundi.

Alikuwa akiniuliza mimi. "Bibi, anataka sauti kubwa au ndogo? Bibi, Kiingereza anajua?" Mtu mwenyewe amekaa mbele yake! Nikamwambia muulize, ana mdomo, na Kiingereza chake utakiweza wewe? Akacheka. "Bibi, si umtafutie mume tu, apumzike?" Nilikuwa na mwiko mkononi. Sikumpiga. Nilimwonyesha tu.

Kaondoka, kazi nusu. Kaacha disketi moja mezani. Alipofika mlangoni akasema kwa hasira kwamba kadi za siku hizi kwenye mashine mpya zinajipanga zenyewe. Hii yetu inatumia DOS, mfumo wa zamani, haina wa kuipanga kadi. Kadi inalala mpaka iamshwe kwa disketi ile. Na kila mashine ikizimwa, inalala tena.

Perisi hajala.

Jumatano, 4 Machi

Bado amenuna. Jioni kasema, "Umenitetea, Bibi. Asante. Sasa niletee fundi."

Nimepika mlenda na ugali wa uwele. Kala matonge matatu.

Alhamisi, 5 Machi

Tumeanza wenyewe. Disketi imeingia, ikakoroma. Yeye anaandika, mimi nasoma skrini. Kiingereza sijui. Herufi najua, nilizipata kwenye kisomo cha watu wazima, mtoto mgongoni. Basi namtajia herufi moja moja, yeye anaunganisha maneno kichwani. Zipo herufi ambazo kisomo hakikunipa. Ile duara yenye mkia. Ile ya vijiti viwili vilivyopishana. Hizo namchorea kiganjani kwa kidole.

Skrini inasema kadi imeonekana. Imeonekana! Tumeshikana mikono kama watoto. Kafungua programu ya kusoma. Kimya. Tukarudia. Kimya. Mara kumi na moja.

Ijumaa, 6 Machi

Umeme hakuna kutwa. Siku imeibwa. Nimekaa natazama balbu.

Jumamosi, 7 Machi

Umeme umerudi saa tatu. Perisi kaniambia nichomoe waya ukutani, akafungua mfuniko mwenyewe. Kapapasa ndani, kaitoa kadi, kaipuliza, kaichomeka upya. Mimi nimeushika ule waya mkononi muda wote, nimeukaza, asije mtu akauchomeka. Nani angeuchomeka? Tuko wawili ndani. Lakini sikuuachia.

Kimya.

Tumepeleka spika kwa jirani, zikachomekwa kwenye redio yake. Zinaimba. Basi spika hazina kosa.

Tumegombana. Kasema nasoma kama nakimbizwa. Nimesema na yeye anaandika ovyo. Kaniambia, "Mke mwenzangu, uzee unakuingia." Kwa kawaida tungecheka, ndio utani wetu. Leo hakuna aliyecheka.

Jumapili, 8 Machi

Kanisani sikwenda.

Perisi anataka nipeleke ujumbe kwa Mama Temba, asije. Nimekataa. Kasema basi kesho ataenda mwenyewe na fimbo yake. Nikaificha fimbo. Nyuma ya debe la unga. Nimemsikia anapapasa kitandani, ukutani, chini ya meza, haniulizi. Anajua. Saa nzima nimemwacha hivyo. Kisha nikaitoa, nikamwekea mkononi.

Kumficha kipofu fimbo yake. Hata yule fundi hakufanya hivyo. Mimi ndiye nimefanya.

Kakaa kizingitini mpaka jua likazama, fimbo magotini.

Jumatatu, 9 Machi

Kwa Mama Temba hakwenda.

Nimekwenda kwa fundi kuomba radhi. Kitenge kizuri, karanga za mwaka jana kikapuni. Nikamkuta mkewe tu. Mume yuko Kondoa msibani, kurudi wiki ijayo. Nikaacha karanga na radhi kwa mkewe. Kaniamkia vizuri, kisha kasema, "Bibi, huo mwiko ameusimulia mtaa mzima. Kila siku unarefuka."

Nimecheka mpaka njia panda. Kutoka njia panda nimelia.

Zimebaki siku nne.

Jumanne, 10 Machi

Kimya. Kimya. Naichukia mashine hii.

Jumatano, 11 Machi

Asubuhi Perisi kaniuliza, polepole, "Bibi, skrini ina mistari mingapi? Usisome. Hesabu tu."

Nikahesabu kwa kidole juu ya kioo. Tisa.

"Umekuwa ukinisomea saba."

Nimetazama mistari miwili ya chini kama mtu aliyeonyeshwa mlango kwenye nyumba yake mwenyewe.

Niandike ilivyokuwa. Kitabu chetu cha kisomo kila ukurasa ulikuwa na kijistari chini kabisa, namba na herufi zimechanganyika. Mwanafunzi mmoja alikisoma, mwalimu akamkataza. Alisema lile si somo, hilo ni la mchapaji, acheni. Tukaacha. Na mimi nimeendelea kuacha miaka yote hii. Karatasi ya dawa, barua ya kata, mfuko wa mbolea. Namba zikichanganyika na herufi pale chini, naishia juu yake. Wala sikujua kwamba naruka. Jicho limezoea kufika hapo na kugeuka.

Nikasoma. Wa kwanza, I, R, duara yenye mkia, kisha tano. Halafu herufi nyingi, mstari wa pili wote. Perisi kashika kichwa. Kadi yetu inataka namba tano, na namba tano ina mwenyewe. Kuna kadi nyingine humo ndani, ya kuunganisha kompyuta na kompyuta, imebaki tangu mashine ilipokuwa ofisini kwa yule mwalimu. Wawili, kiti kimoja. Tangu Alhamisi ilikuwa imeandikwa pale, na mimi nimekaa mbele yake na macho mawili.

Nilingoja anifokee. Hakufoka. Kauliza, "Na barua zangu za kuomba kazi, Bibi, zile ulizonisomea kabla hatujazituma. Uliruka wapi?"

Sijui. Zilikuwa sita. Hakuna iliyojibiwa. Inawezekana zilikuwa safi. Sijui na sitajua.

Hilo ndilo limenikaa kifuani. Kadi itapona. Hilo la barua sijui.

Alhamisi, 12 Machi

Kaipa kadi namba saba. Akaiamsha. Kimya.

Nikafikiri nitavunja kitu. Yeye kakaa tu, anafikiri, kidole mdomoni. Saa saba kastuka. Programu ya kusoma nayo ilishaambiwa tano, inagonga mlango wa zamani. Kaingia huko, kabadili.

Saa nane na robo mashine imesema.

Sauti ya mzee mwanamume mwenye mafua. Inasoma kila herufi anayogusa. Perisi kapiga yowe, mimi vigelegele. Jirani kaja mbio akidhani tumefiwa. Tukamwambia hapana, njoo usikie. Kasikiliza. Kasema kinaongea kama mtu aliyejaza ugali mdomoni. Kweli. Sijawahi kusikia sauti nzuri hivyo.

Kisha umeme ukakatika.

Umerudi saa kumi. Nikawasha. Bubu. Nimekaa sakafuni. Perisi ndiye kacheka. "Imelala, Bibi. Hatujaiamsha." Kafungua faili ambalo mashine inalipitia kwanza kila ikiwashwa, akaandika humo amri ya kuamsha kadi. Kaniambia nimsomee faili lote. Nimesoma kuanzia juu mpaka chini. Nukta. Namba. Kila kidudu. Nikafika mwisho nikarudia mstari wa mwisho bila kuambiwa.

Nikazima. Nikawasha. Ikasema. Nikazima. Nikawasha. Ikasema. Mara sita, mpaka Perisi kasema tutaiua.

Kesho umeme ukikatika? Mama Temba hatasubiri.

Ijumaa, 13 Machi

Mama Temba kafika saa nne. Nimetoka chumbani kabla hajanitazama.

Nimekaa jikoni uani, nachambua majani ya kunde. Nasikia vidole. Nasikia kile kizee kinasoma. Vidole, kizee. Vidole, kizee. Kisha kimya.

Nikasimama. Nikatazama waya wa umeme juu ya nguzo, kana kwamba umeme unaonekana. Nikasogea mpaka ukutani. Mkono ulikuwa mlangoni tayari. Ningeingia ningesema, mwanangu, nikusomee nini? Na kazi ingekwisha hapo hapo.

Sikuingia. Nimeuma kanga.

Vidole vikaanza tena. Kumbe alikuwa anafikiri tu. Mtu ana haki ya kufikiri.

Saa tano na nusu Mama Temba katoka na karatasi mkononi. Hacheki huyu mama. Kasema, "Mstari wa nne alikosea jina la mteja. Akalisikia, akarudi, akalisahihisha. Mimi nilikuwa sijaliona." Kazitazama karatasi tena. "Aanze Jumatatu. Majaribio miezi mitatu. Na mashine yake aje nayo."

Nikamwuliza kama anakunywa chai. Kanywa vikombe viwili. Bado simpendi sana, lakini kidogo nampenda.

Perisi hakutoka. Nimemkuta kaweka paji la uso juu ya mfuniko wa mashine. Ilikuwa ya moto, kasema. Nikaweka mkono wangu mgongoni kwake.

Jumatatu, 16 Machi

Mkokoteni umekuja alfajiri kuchukua mashine. Perisi kaenda ameishikilia kwa mkono mmoja, fimbo mkono wa pili. Kaniambia shikamoo, kaniambia nisimfuate.

Meza imebaki na mraba usio na vumbi. Sikuufuta.

Nimefua. Nimelala mchana, jambo nisilolifanya. Nyumba ina ukimya mwingine, si ule wa wiki iliyopita. Hakuna aliyeniita nisome.

Saa kumi nimevaa viatu nikampokee. Nimefika kwenye alama za magurudumu ya mkokoteni, nimesimama. Watu wamepita, wameniamkia, nimeitikia.

Nikarudi kuwasha moto. Njia anaijua.